Jinsi ya kusoma bei ya kopa na vyuma vingine kabla hujafika yadi

"Ami, kopa leo ngapi?"

Hakuna swali naulizwa sana hapa karakana kuliko hili la kopa, yaani shaba. Vijana wanaojifunza kuwaindi, yaani kufunga upya waya wa mota iliyoungua, mafundi wenzangu wa Magongo na Mikindani hapa Mombasa, hata mama mmoja muuza samaki ambaye friza yake iliungua akabaki na mota mkononi, wote wanataka kujua kabla hawajaenda kutajiwa bei na mtu mwenye mizani. Na mimi jibu langu ni lile lile, kwanza niambie London ilifunga ngapi na dola iko ngapi, halafu ndio tuongee. Wengi hunitazama tu, manake London na waya ulioungua wa pampu ya Bamburi vyahusiana wapi? Vyahusiana sana, na nimeona niandike yote mahali pamoja ili nisiwe naeleza nusu nusu huku niko na koili mkononi.

Mimi nawaindi mota, pampu za visima za mahoteli na majumba, mota za friza, jenereta, mashine za posho. Kazi hii inakuweka pande zote mbili za soko kwa wakati mmoja, asubuhi wanunua waya mpya kwa kilo, jioni wauza waya wa zamani kwa kilo. Miaka ya mwanzo nilidhani ujanja ni kujua bei itapanda lini. Sio huo. Bei ya kopa haipangwi na mimi, haipangwi na yadi ya vyuma chakavu ya Jomvu wala ya Shimanzi, haipangwi hata na Kenya nzima. Kitu unachoweza kukishika ni pengo, yaani tofauti kati ya bei ya dunia na ile unayopewa wewe, na tofauti kati ya unachouza na unachonunua. Ukilijua pengo lako na kinacholipanua na kinacholibana utakula vizuri, usipolijua utapiga kazi mwaka mzima na jasho lako libaki kwenye mizani ya mwenzio.

Anza na daftari

Nunua daftari la kawaida, piga mistari mitano: tarehe, bei ya London, bei ya dola, bei ya yadi, asilimia. Basi. Hiyo asilimia ndio kila kitu, ngoja nieleze.

Soko kubwa la metali liko London, London Metal Exchange, lipo tangu 1877, na ndilo watu wanaangalia kwa kopa, aluminiamu, zinki, risasi, bati (ile ya solda, si ya paa) na nikeli. Bei yao ni dola kwa tani moja, yaani kilo 1,000, na waipata bure kwenye simu. Sasa tufanye mfano, na nasema mfano, usichukue namba hizi ukaenda nazo yadi kesho. Tuseme London kopa ni dola 9,500 na dola moja ni shilingi 129. Zidisha, wapata 1,225,500 kwa tani, gawa kwa 1,000 ni shilingi 1,225 na senti hamsini kwa kilo. Hiyo ni kopa iliyosafishwa kabisa, iko ghalani, haina doa. Yako wewe ina vanishi iliyoungua, ina vumbi, ina vipande vya pepa ya insulesheni, itabidi ikusanywe, ipakiwe, iyeyushwe, na kila mkono itakaopitia wataka kula, kwa hiyo usitarajie 1,225. Yadi ikikwambia 850, gawa 850 kwa 1,225 utapata karibu asilimia 69. Andika 69.

Wiki ijayo andika tena. Baada ya miezi miwili hivi utaona kitu ambacho hakuna mtu atakwambia, utaona yadi yako huwa inakaa kwenye asilimia ngapi siku za kawaida. Sasa siku London imepanda na dola haijashuka, halafu yadi bado yakwambia bei ya mwezi uliopita na asilimia yako imeanguka kutoka 69 hadi 62, hapo unajua kupanda kumeishia mfukoni mwa mtu, na waweza kumwambia kwa heshima tu, "mzee wangu, mbona kopa imepanda na sisi hatujaona?" Mara nyingi ataongeza kidogo akiona unajua hesabu. Na pia kuna siku yadi yakuambia bei imeshuka na wewe unataka kugombana, kumbe ukipiga hesabu asilimia ni ile ile, ni London imeshuka, mtu wa watu hana kosa. Daftari linakuzuia kudhulumiwa na linakuzuia kumdhulumu mwenzio kwa maneno.

Dola itakuchanganya usipoangalia

Hapa ndipo watu wengi huanguka kwa hiyo nitakaa kidogo. Januari 2024 kopa London ilikuwa karibu dola 8,300 kwa tani na shilingi yetu ilikuwa imechoka kweli kweli, dola moja karibu 160. Piga hesabu, ni kama shilingi 1,328 kwa kilo. Sasa nenda Septemba mwaka huo huo, kopa London imepanda, iko karibu 9,200, kila mtu mtandaoni anasema kopa inapaa, gari za umeme, sola, sijui nini. Lakini shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola imekuja karibu 129, na 9,200 mara 129 ni kama shilingi 1,187 kwa kilo. Yaani kwa dola imepanda na kwa shilingi imeshuka, mwaka mmoja, kopa ile ile! Mwenye gunia Mombasa alikuwa anapata kidogo huku anasoma habari kwamba bei iko juu, akaona yadi zote ni wezi. Tangu hapo nikiambiwa kopa imepanda huuliza imepanda kwa pesa gani.

Na kwa upande wa kununua ni vivyo hivyo, waya mpya wa kuwaindi tunaletewa kutoka nje, India na Uchina, dukani unalipa bei ya London, juu yake kazi ya kuuvuta na kuupaka vanishi, meli, ada za bandarini, ushuru na VAT asilimia 16. Dola ikipanda yote hayo yapanda pamoja, ikishuka mwenye duka anakwambia hii ni stoki ya zamani nilinunua ghali. Sio uongo kila mara, kontena kutoka Uchina lachukua wiki kadhaa baharini, na tangu meli zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 nyingi za kutoka Ulaya zikawa zazunguka Afrika Kusini badala ya kupita Suez, ikawa siku nyingi zaidi na nauli zaidi. Kwa hiyo bei ya yadi yabadilika kwa siku na bei ya duka la waya yabadilika kwa miezi. Hilo liandike kwenye jalada la daftari kabisa, skrapu yakimbia na waya mpya watambaa.

Mali yatoka wapi na kwa nini haiongezeki haraka

Watu hudhani bei ikipanda basi migodi itachimba zaidi na bei itarudi. Kwa mahindi ni kweli, msimu ujao watu wapanda zaidi. Mgodi wa kopa toka kuutafuta hadi kuanza kutoa mali waweza kuchukua zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo mahitaji yakiongezeka leo hakuna wa kujibu leo. Na ukitokea mkosi mgodi mmoja tu dunia nzima yasikia: Novemba 2023 Panama walifunga Cobre Panama, mgodi mmoja peke yake ambao ulikuwa watoa zaidi ya asilimia moja ya kopa ya dunia, na mwaka 2025 Kamoa-Kakula kule Kongo ukaingiliwa na maji, halafu Septemba Grasberg Indonesia tope likafunika. Ukisoma habari kama hizo usikimbilie yadi na gunia, subiri siku mbili tatu uone kama London imesikia na dola imetulia.

Upande wa kuhitaji, mkubwa ni Uchina, peke yake watumia zaidi ya nusu ya kopa iliyosafishwa duniani. Ndio maana mwaka mpya wao, kati ya mwisho wa Januari na Februari, viwanda vikifungwa nasi huku twahisi. Kama wataka waya wa mwezi wa pili na wa tatu agiza mapema, ukingoja viwanda vimefungwa utaambiwa saizi yako imeisha kwa miezi.

Sasa watu wa hapa hunijia na hoja, lakini sisi si tuko karibu na Kongo na Zambia, kopa yote ile! Kongo na Zambia ndio wakubwa wa kopa Afrika, na Kongo imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini mali ya Katanga kule Kongo na Copperbelt kule Zambia haiteremki kwetu, nyingi yaenda Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa wanafufua reli ya kwenda Lobito, Angola. Zambia wana reli ya TAZARA hadi Dar tangu miaka ya sabini. Mombasa sisi ni mlango wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, vyuma vingi vyapita hapa vikienda ndani, ila kopa ya Kongo haituhusu kwa njia hiyo. Na hata kama ingepita bandari yetu ya Kilindini mbele ya macho yetu ingeuzwa bei ya London.

Kwale ndio mfano mzuri na unaniuma kidogo. Mchanga ule wa titani, ilmenaiti, rutili na zirkoni, ulianza kusafirishwa kupitia Likoni 2014 na wakasimamisha kuchimba Desemba 2024 mchanga wa maana ulipokwisha. Miaka kumi mali imetoka ng'ambo ya feri tu, na rangi ya nyumba ambayo weupe wake watokana na titani tumeendelea kuinunua kwa bei ya dunia, kwa sababu mchanga ulitoka ukiwa mchanga. Mali kuwa jirani haikupunguzii bei kama kiwanda cha kuigeuza hakiko jirani. Ukiangalia pengo la fundi wa Mombasa sehemu kubwa iko hapo hapo, twauza kopa ikiwa gunia na twainunua ikirudi imekuwa waya kwenye ndoano ya dukani, na katikati kuna nchi mbili tatu zimekula.

Kuna metali nyingine ambayo ujirani watugusa moja kwa moja, bati, ile iliyo kwenye solda. Machi 2025 vita vilipokaribia Walikale, Kivu Kaskazini, mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi na bei ya bati London ikaruka, na ulipofungua tena Aprili ikaanza kushuka. Kama watumia solda nyingi hiyo ndiyo habari ya kufuatilia. Kobalti, ile metali ya betri, usijisumbue nayo sana kama wewe ni fundi wa kawaida, Kongo walisimamisha kuiuza nje Februari 2025 kisha Oktoba wakaweka kiwango cha kila kampuni, na bei ikapanda mara mbili na zaidi. Ila jua hili moja, kobalti ya Kongo nyingi yatoka ndani ya mawe ya kopa, mtu anachimba kopa na kobalti yaja nayo itake isitake, kwa hiyo hata bei yake ikiwa mbaya yaendelea kutoka mpaka serikali iseme basi.

Chuma na mabati ni hadithi nyingine

Usichukue hesabu ya kopa ukaiweka kwa chuma, utajipoteza. Kopa yafuata London kama mbuzi na kamba. Chuma cha kujengea kwetu kina ukuta wa ushuru, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kiwango cha asilimia 35 kuanzia Julai 2022 na bidhaa nyingi za chuma zimo, na 2023 serikali ikaongeza ushuru wa asilimia 17.5 kwenye bileti, yaani mapande ya chuma ya kutengenezea nondo, zinazotoka nje ili viwanda vya hapa viyeyushe vyao. Matokeo yake bei ya nondo yaamuliwa zaidi na viwanda vya hapa, bei ya stima, na ni skrapu ngapi imeingia tanuri, kuliko habari za ng'ambo. Kwa hiyo ukiuza chuma chakavu usiulize London, uliza kama viwanda vyanunua wiki hii. Wakisimamisha mtambo kwa ukarabati yadi zote zashusha bei siku moja, wakiuwasha tena yapanda. Dereva wa lori la skrapu ndiye gazeti lako, mnunulie chai.

Mabati ni chuma kilichopakwa zinki, au zinki na aluminiamu kama wanavyofanya pale Mariakani. Huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma, bati la Nairobi laweza kukaa miaka na la Nyali likawa jekundu, hivyo Mombasa mahitaji ya zinki na ya sitili isiyoshika kutu ni makubwa kuliko idadi ya watu ingekwambia. Kwenye sitili hiyo angalia nikeli, kwa kuwa imo ndani yake, na hapa nakupa onyo: tarehe 8 Machi 2022 nikeli ilipita dola 100,000 kwa tani asubuhi moja, London wakafunga biashara ya nikeli na wakafuta mauzo ya siku ile. Hakukuwa na mgodi uliofukiwa siku ile wala sufuria mpya milioni, ilikuwa watu waliouza mali wasiyokuwa nayo wanakimbia kuinunua. Kwa hiyo bei ikiruka hivyo kwa siku moja usinunue stoki kwa woga, kaa pembeni wiki moja.

Pengo lako la kazini

Hapa sasa ndio nilipojifunza kwa pesa zangu. Chukua mota iliyotoa kilo 6 za kopa ya zamani na yataka kilo 6 na nusu za waya mpya. Bei za mfano: ya zamani 850, mpya 1,900. Ya zamani yakupa 5,100, mpya yakutoa 12,350, pengo ni 7,250, hiyo ndiyo gharama yako halisi ya kopa kwenye kazi ile. Sasa kopa ipande asilimia kumi pande zote. Ya zamani yawa 5,610, mpya 13,585, pengo 7,975. Umeongezewa 725 tu, wakati mtu anayenunua waya bila kuuza cha zamani ameongezewa 1,235. Gunia lako la kopa iliyoungua limekulinda. Lakini limekulinda kwa sharti moja, uuze na ununue wiki moja. Ukiuza leo na kununua baada ya miezi miwili, au ukanunua leo na kuficha la zamani uvunguni ukingoja bei nzuri, umeacha kuwa fundi umekuwa mcheza kamari.

Mimi nilicheza. Mei 2024 kopa ilipita dola 10,000, tarehe 20 ikagusa zaidi ya 11,000, na kila mtu alikuwa anasema itaenda kumi na tano. Nilikuwa na magunia, nikayakalia. Agosti mwanzoni ilikuwa chini ya 9,000. Magunia niliyauza kwa huzuni na waya nikawa nimenunua wakati wa bei ya juu kwa sababu kazi za watu hazingojei. Kosa lilikuwa langu, wala si la yadi. Tangu mwaka huo sheria ya karakana yangu ni moja, mteja akilipa amana nanunua waya wake siku hiyo hiyo, na kopa yake ya zamani yatoka Ijumaa kabla ya sala au Jumamosi asubuhi, bei iwe nzuri iwe mbaya.

Stoki nayo yataka akili ya msimu. Mahoteli ya Nyali, Bamburi na Diani hukarabati pampu zao wageni wakipungua, mvua ya masika, halafu karibu na Desemba yaja ile simu ya saa tano usiku, pampu imeungua na hoteli imejaa. Saizi zangu zinazotoka sana nakuwa nazo za mwezi mmoja, Novemba naongeza, saizi za nadra sikai nazo hata kilo moja. Kuweka waya mwingi ni kuweka dola kabatini, ukiwa na deni la kulipa hiyo si akiba.

Waya wa uongo

Kopa ikifika kama mara nne ya bei ya aluminiamu viwanda vyaanza kugeukia aluminiamu, na hapo ndipo soko lajaa waya wa aluminiamu uliopakwa kopa juu. Si haramu wenyewe, uharamu ni kuuziwa kwa jina la kopa. Aluminiamu yapitisha stima kama asilimia 61 tu ya kopa kwa unene ule ule, ukiwaindi nayo kwa hesabu ya kopa mota itachemka na mteja atarudi nayo kwako wewe. Pima hivi: kwaruza kwa kisu hadi ndani, ukiona weupe umeshajua. Pima uzito, koili ile ile ya kopa ni zaidi ya mara tatu ya aluminiamu. Na kipande kidogo ukikipiga moto wa gesi aluminiamu yayeyuka nyuzi 660 na kopa yangoja hadi 1,085. Fanya kabla hujatoka dukani, kile cha kisu na uzito, sio moto.

Ukifika yadi

Tenganisha nyumbani. Kopa inayong'aa mbali, iliyoungua mbali, brasi za bomba na vali mbali, rediata mbali, aluminiamu ya sufuria isichanganywe na aluminiamu ya injini. Gunia lililochanganywa lalipwa bei ya kile kibaya kilichomo. Pitisha sumaku ya spika ya zamani, kipande kimoja cha chuma ndani ya kopa chatosha kukushushia gunia zima. Nyaya za stima usichome plastiki, moshi ule ni sumu kwa watoto wa jirani na kopa yenyewe yashuka daraja, keti na kisu umenye, jioni moja tu.

Mizani ya yadi usiigombanie, ipime. Njia yangu ni mtungi wa maji wa lita 20, ile ile ya wauza maji wa mkokoteni. Maji lita 20 ni kilo 20, mtungi mtupu wapima nyumbani, huwa kama kilo moja. Jaza, uweke juu ya mizani kwa upole kabla ya gunia lako, sema tu wataka kuona. Ukisoma 18 chukua mtungi wako na gunia lako uende kwingine, wala usipige kelele.

Na karatasi. Tangu Sheria ya Skrapu ya 2015 mfanyabiashara wa vyuma chakavu lazima awe na leseni na aandike amenunua kwa nani. Uza kwa mwenye leseni, na beba kitambulisho na risiti ya kazi iliyotoa kopa ile. Wanaoona huu ni usumbufu wakumbuke Januari 2022, nguzo za laini kubwa ya stima zilianguka baada ya kuibiwa vyuma, nchi ikawa giza tarehe 11, siku chache baadaye biashara yote ya skrapu ikapigwa marufuku hadi Mei. Mafundi waliokuwa na magunia walikaa nayo miezi mitatu na zaidi. Bei ikiwa juu watu watoa vyombo vyao vya zamani nyumbani, hiyo ndiyo kopa pekee duniani inayoongezeka kwa wiki na sio kwa miaka kumi, lakini wezi nao watoka wiki hiyo hiyo. Ukiletewa waya mnene wa aluminiamu wenye chuma katikati, ule ni wa laini ya stima, hakuna mtu anao nyumbani kwao. Usiguse. Koili ya transfoma vile vile.

Bei unayompa mteja

Mwisho wa hesabu yote hii ni ile karatasi ya koteshoni, yaani makadirio ya bei ya kazi. Usimpe mteja bei isiyo na tarehe, kuna mtu aliwahi kunirudia na karatasi ya miezi saba akitaka bei ile ile na nikaifanya kwa hasara kwa sababu niliandika mwenyewe bila mwisho. Na jambo linaloharibu urafiki kuliko bei ni kopa ya zamani ni ya nani, wengine hudhani ni ya fundi wengine wanaitaka, kwa hiyo ulizeni kabla hamjafungua mota, "mama, waya wa zamani wauchukua au nikutolee kwenye bei?" Akiuchukua pengo lako limebadilika, bei yapanda kidogo, na mwambie kwa nini.

Yangu mimi naandika hivi chini ya kila koteshoni, waweza kuichukua kama ilivyo: Bei hii ni ya siku saba. Waya ni kopa tupu, mteja anaruhusiwa kuukwaruza kabla haujaingia. Amana nusu, waya utanunuliwa siku ya amana. Kopa ya zamani kilo ...., bei ya siku ...., imetolewa kwenye hesabu / amechukua mteja. Halafu nyote wawili mtie sahihi, na nakala moja ibaki ndani ya daftari kwenye ukurasa wa wiki ile.